Gunia la Majani Makavu

Mimi ndiye niliyeshona gunia.
Nililijaza majani makavu ya mgomba,
nikapaka vumbi la muhogo kwenye mishono
ili watu wa Kadutu, wasiodanganyika kwa habari za unga,
waone mzigo.

Cibalonza akalinyanyua kwa vidole viwili.
Akacheka, akanirudishia:
"Zihindula, hii haiko muzigo, hii ni mto wa kulalia.
Mgongo wangu haujui kuigiza.
Ukiupa uongo, utasimama wima."

Tukaazima gunia la kweli, kilo sabini,
kwa mwenye depo karibu na ngazi za soko.
Nikamwachia simu yangu iwe rehani.

Jukwaa hatukuwa nalo. Tulikuwa na mteremko,
na Bukavu nzima ni mteremko:
anayepanda amebeba, anayeshuka amebeba,
na tope la Machi halimuulizi mtu ana mimba ya miezi mingapi.
Tukafunga kamba kutoka kibanda cha sambaza
hadi ukuta wa parokia, tukatangaza:
ndani ya kamba ni mchezo,
nje ya kamba ni Jumamosi.
Watoto wakakaa juu ya kamba.

Mwenye mali aliigizwa na Nsimire,
ambaye mwenyewe amebeba miaka kumi na minne
kutoka ufukwe wa Muhanzi hadi Nyamugo;
paji lake lina mfereji pale mkanda unapolala.
Alivaa koti la marehemu mumewe,
akatanguliza tumbo kama mtu anayeegesha gari,
akaita: "Wee, mgongo! Kuja!"
Wanawake wakaacha kucheka.

Alijua kila neno. Alijua namna ya kulowesha kidole,
kuhesabu noti, kisha kurudisha moja mfukoni
kwa sababu gunia limelowa,
kwa sababu umechelewa,
kwa sababu tu.
Aliigiza vizuri mno, hata M'Rubambura aliyekaa mbele
akatema mate chini, na hakuwa anatania.

Ndipo kiongozi wetu akapiga makofi mara moja, mchezo ukasimama.
"Nani ataingia abadilishe?"

Kimya. Mvua ilikuwa inajipanga upande wa Idjwi.
Kisha Ansima, binti wa Cibalonza, wa darasa la nne,
akaruka kamba.
Tulidhani atamfungua mama yake mkanda.
Hakumgusa.
Alimtazama mwenye mali, koti na tumbo,
akauliza: "Huyu anaitwa nani?"

Nsimire alijua. Walijifungua wiki moja,
huazimana makaa, chumvi, hata viatu vya kanisani.
Lakini yule bwana ndani ya koti hakujua,
na Nsimire hakutaka kumsaidia.
Alifungua kinywa. Akakifunga.
Cibalonza bado ameinama, kilo sabini shingoni,
jasho linadondoka juu ya jiwe moja, palepale, palepale.

Mtu wa nyuma akashindwa kuvumilia: "Cibalonza!"
Mwingine: "Na mimi Mwangaza!"
Majina yakaanza kupanda kilima bila mkanda,
ya ubatizo, ya kwa baba,
na jina moja la yule aliyeteleza Aprili
na hakuinuka.

Mvua ikatupiga. Tulikimbia na gunia,
maana ule ulikuwa unga wa watu.

Jumatatu nilifuata simu yangu.
Mwenye depo alikuwepo Jumamosi, nje ya kamba,
mikono mfukoni; nilivitambua viatu vyake.
Malipo ni yaleyale. Noti moja bado hurudi alikotoka.
Ila juu ya meza kuna daftari la shule, jipya,
na Cibalonza alipotua mzigo, yule bwana
alishika kalamu, akauliza bila kuinua macho.

Aliandika *Sibaroza*.

Cibalonza hajui kusoma. Aliniuliza kimeandikwa nini.
Nikamwambia: jina lako, lakini amekosa herufi tatu.
Akajifunga mkanda upya, akageukia ngazi.
"Acha tu. Kesho nitamutuma Ansima na ufutio."